“Mmeelewa?” “Ndiyooo Mwalimu!”: nani hasa anafikiri darasani

Muhula uliopita shule yetu, iliyo wilayani Chamwino, ilipokea wanachuo wawili wa ualimu waliokuja kwa mafunzo kwa vitendo, wale tunaowaita walimu wa BTP. Mmoja wao alinifuata wakati wa mapumziko, nimeketi chini ya mwarobaini na kikombe changu cha uji.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mwalimu. Karibu ukae.”

Mkufunzi wake alikuwa amempa kazi ya kuandika falsafa yake ya ufundishaji, kurasa mbili. Mpaka pale alikuwa na sentensi moja: “Falsafa yangu ni kumweka mwanafunzi katikati ya tendo la ufundishaji na ujifunzaji kwa kutumia mbinu shirikishi.” Nikamwambia ni sentensi safi, haina kosa hata moja, na ndipo penye shida. Hata mwalimu anayesinzia mezani huku kiranja akinakili notisi ubaoni anaweza kuiandika.

“Jana ulipofundisha hesabu za sehemu darasa la nne,” nikamuuliza, “watoto walikuwa katikati ya nini?”

Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Jana yake nilikuwa nimekaa dawati la nyuma nikimwangalia. Somo lilipendeza kweli. Alikuja na kadi za rangi, akagawa vikundi vinane, akawatungia na wimbo wa kiasi kukaa juu na asili kukaa chini, darasa zima likapiga makofi. Mwishoni akauliza, “Mmeelewa?” Likaja lile jibu ambalo kila mtu aliyesoma nchi hii analijua kwa mdundo wake: “Ndiyooo mwalimu!” Nikaomba ruhusa ya kuuliza swali moja kabla ya kengele. Kubwa ni ipi, theluthi moja au robo moja? Mikono ikasimama kama mtama uliokomaa. Wengi wakasema robo. Sababu? Nne ni kubwa kuliko tatu.

Wimbo waliimba wao, kadi walishika wao, kwenye vikundi walikaa wao. Kufikiri alifikiri mwalimu peke yake, usiku uliotangulia, alipokuwa akitunga wimbo.

Niliyomweleza pale chini ya mwarobaini nayaandika hapa kwa urefu zaidi, maana hili jambo la “ujifunzaji shirikishi” limekuwa kama uzi uliochezewa na paka. Walimu wenzangu wanalitaja kwenye kila andalio la somo, wazazi wanalisikia kwenye mikutano, na ukiwauliza watu watano ni nini utapata majibu sita.

Neno zito, jambo jepesi

Tuanze na hiyo falsafa. Neno lenyewe huwafanya watu wavae koti, lakini falsafa ya mwalimu ni majibu yake kwa maswali machache: maarifa yanaingiaje kichwani mwa mtoto? Wakati yanaingia, kazi yangu mimi ni ipi? Na ninamfundisha ili awe nani? Kila mwalimu ana majibu, hata asipowahi kuyaandika. Ukitaka kuyajua usimsomee karatasi yake, mwangalie mtoto anapokosea mbele yake.

Mwalimu anayemfokea mtoto kwa jibu la makosa ana falsafa: kosa ni dhambi. Anayesema “nani amsaidie mwenzake?” na kuhamia dawati la pili naye anayo: kosa ni shimo barabarani, unalikwepa, safari inaendelea. Yupo wa tatu, anayeuliza “umefikaje hapo?” Huyu anaamini kosa lina njia iliyolileta, na njia hiyo ikionekana inaweza kunyooshwa. Yule mtoto wa robo hakuwa mjinga. Alichukua kanuni ya namba nzima, ambayo imemsaidia tangu darasa la kwanza, akaipeleka mahali isipofanya kazi. Hilo ni kosa la mtu mwenye akili. Ila huwezi kuliona ukiwa umeridhika na “ndiyooo”.

Ndiyo maana mimi sasa nalikwepa swali la “mmeelewa?” kadiri ninavyoweza. Linamwomba mtoto akupe heshima, naye anakupa. Nani amwambie mwalimu “hapana” mbele ya wenzake 83? Tunawaambia kila siku kwamba kuuliza si ujinga, halafu anayeuliza anachekwa na darasa zima, nasi tunatabasamu.

Mwili kushiriki, kichwa kushiriki

Fundo kubwa la uzi wetu liko hapa. Mtaala wa kujenga umahiri ulipoingia shuleni katikati ya miaka ya 2000, na ulipoboreshwa tena kwa mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, ujumbe uliofika madarasani ulikuwa: wanafunzi wafanye, wasisikilize tu. Sisi tukaelewa kufanya kuwa kutikisika. Vikundi, nyimbo, igizo dhima, matembezi ya galari, yaani watoto kuzunguka wakisoma kazi za wenzao zilizobandikwa ukutani. Kikundi cha watoto kumi, mmoja mwenye mwandiko mzuri anaandika, wawili wanamnong’oneza, saba wanajadili mpira wa jana. Kwa anayepita dirishani, darasa linashiriki.

Naweza kulicheka kwa sababu nililifanya miaka. Siku moja mgeni alikuja kuniangalia nikifundisha, nikapanga vikundi hata kwa jambo ambalo lingeisha kwa dakika tatu za maelezo, nikasifiwa. Wiki iliyofuata nikatoa jaribio. Afadhali nisiseme matokeo.

Kipimo ninachokitumia siku hizi ni kimoja: katika dakika hii, nani anafikiri? Mtoto anaweza kuwa ameketi kimya kabisa, mikono mapajani, na akawa anashiriki kuliko anayecheza mbele, ikiwa kichwani mwake anatafuta, analinganisha, anakisia au anajibishana na alichoambiwa. Kelele si ushahidi, wala ukimya.

Kuna wanaodai kwamba mambo haya ni ya wageni, yameletwa na miradi na semina. Wanasahau utoto wao. “Kitendawili!” “Tega!” Bibi hakutoa jibu. Alingoja. Ukikisia vibaya hakukupiga, alikuachia ukisie tena, na ukishindwa alidai mji kwanza, umpe mji ndipo ajibu. Ukitazama vizuri, huo ni utaratibu kamili: swali lisilo na jibu la kunakili, muda wa kufikiri, gharama ya kukata tamaa, na furaha ya kufika. Mtoto wa Kigogo anayepewa ndama awachunge hapewi notisi za malisho pia. Anakwenda na mkubwa wake, anaonyeshwa, anaachiwa kidogo, anakosea, anaulizwa jioni kwa nini huyu hajashiba.

Na serikali ilishaliandika jambo hili kabla ya semina zote. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye jina hilo alilipata kwa kushika chaki kweli, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaukumbuka kwa shamba la shule. Lakini ndani yake alitaka elimu ijenge vitu vitatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine huku ukikataa au kurekebisha kisichokufaa, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Lililotokea shuleni mwetu tunalijua. Jembe lilikuwa rahisi kulitekeleza, udadisi mgumu. Jembe likabaki, na mahali pengi likageuka adhabu ya waliochelewa. Nilibeba samadi miaka saba ya shule ya msingi na sikumbuki hata siku moja mwalimu akituuliza kwa nini mstari uliotiwa samadi ulikuwa na mahindi marefu kuliko ule mwingine. Swali hilo moja lingegeuza kibarua kuwa somo.

Paulo Freire wa Brazili alikuwa na picha nzuri ya elimu ya aina hiyo. Aliifananisha na benki: mwalimu anaweka akiba kichwani mwa mwanafunzi, naye anaitunza kama alivyopewa. Ningeongeza kwamba huku kwetu akiba hutolewa yote siku ya mtihani, na akaunti hufungwa jioni ile ile.

Ushahidi, na upande wake wa pili

Je, kufikirisha kunaleta matokeo, au ni mapenzi ya walimu wachache? Mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara mitupu na madarasa ambako wanafunzi walitakiwa kujibu, kujadiliana na kukokotoa. Yalikuwa masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye mihadhara walifeli kiasi cha asilimia 34, na kwenye madarasa ya kushiriki kiasi cha asilimia 22. Ni tofauti kubwa, ila hao ni watu wazima wa chuo kikuu, si darasa la nne la Chamwino lenye madawati pungufu. Nautaja ushahidi huu kwa uzito wake, siuongezi maji.

Kuna utafiti mwingine, wa Harvard mwaka 2019, ninaoupenda zaidi kwa sababu unaeleza jambo ninaloliona kwa macho. Wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi ya wenzao waliopewa mhadhara uliopangika vizuri, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mtu huudhania kuwa ni kutoelewa. Mhadhara mzuri unateleza kama mlende, unaamka umeshiba na hujui ulikula nini.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa mbinu shirikishi huuruka. Mwaka 2006 Kirschner, Sweller na Clark waliandika kwa ukali kwamba kumwacha mtu mgeni wa jambo ajigundulie mwenyewe bila mwongozo ni kumtesa bure. Hoja yao ni kwamba akili ile inayoshughulika na jambo la sasa hivi ina nafasi ndogo sana. Ni kama mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni: bado anatembea vizuri, lakini ukimwongezea mzigo wa kuni, kimojawapo kitaanguka.

Nadhani wote wako sahihi, wanazungumzia mambo mawili. Kuna mambo ya kuambiwa na kuna mambo ya kufikiri. Kwamba namba ya juu inaitwa kiasi na ya chini asili, hakuna mtoto duniani anayeweza kuligundua kwa kutafakari. Ni makubaliano ya watu, mwambie tu, tena haraka. Lakini kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo, hilo lina sababu, na mtoto anaweza kuifikia akiwa na chapati moja na wenzake wa kugawana. Mwalimu wetu wa BTP alikuwa amegeuza: jambo la kuambiwa alilitungia wimbo wa dakika kumi na tano, na jambo la kufikiri hakuligusa.

Historia nayo ni hivyo hivyo. Jirani zetu wa Kongwa walishuhudia mradi wa karanga wa Waingereza. Kwamba ulianza 1947 na ukaachwa 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, hayo ni ya kuambiwa. Lakini kwa nini ulishindwa? Watoto wangu wanayo majibu mikononi. Wameng’oa karanga. Wanajua udongo wetu ukishakauka baada ya mvua, shina linakatika na karanga zinabaki chini. Wanajua mvua ya huku ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na kwamba inaweza kukatika katikati na isirudi. Wanajua ugumu wa kung’oa kisiki cha mbuyu. Niliwauliza: ungekuwa mzee wa Kongwa mwaka ule, ungewauliza nini wale mabwana kabla hawajashusha matrekta? Msichana mmoja akasema angewauliza wameshalala hapa masika ngapi. Swali hilo sijalikuta katika kitabu chochote.

Mbuyu si duara

Niwape kisa kimoja kirefu kidogo, maana bila kisa maneno haya yote yatabaki ya semina.

Nilikuwa na kipindi cha duara darasa la sita: mzingo, kipenyo, na ile pai ya 22 kwa 7. Badala ya kuchora duara ubaoni niliwatoa nje mpaka kwenye mbuyu ulio nyuma ya choo cha walimu. Tukauzungushia kamba ya kufungia ndama, tukaipima: mita 9 na sentimeta 40. Nikauliza, “Unene wake, kutoka ubavu huu mpaka ule, ni kiasi gani? Na msiukate.”

Kimya. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwahi kupima katika miaka ya 1970 akakuta walimu wengi hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha hujijibu wenyewe. Wakivumilia sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na yenye sababu. Darasani huwa nahesabu mabati ili nisifungue kinywa. Pale nje nilihesabu ng’ombe waliokuwa wakipita kwenda bwawani. Nilifika kumi na moja.

Akanyoosha mkono kijana ambaye kwenye orodha ya majaribio hukaa chini kabisa, mchungaji hodari, mtoro wa wastani. “Mwalimu, tuchomeke fito mbili. Moja ubavu huu, moja ubavu ule, tupime katikati yake.”

Nakiri kwamba mdomo wangu ulishafunguka kusema “hapana”. Andalio la somo lilikuwa mfukoni na lilikuwa linangoja pai. Jibu lake halikuwamo. Nilimeza neno, nikasema tujaribu. Fito zikasema mita 3 na sentimeta 30. Ndipo nikawaonyesha njia yangu: mzingo gawanya kwa 22 kwa 7. Tukapata mita 3 kasoro kidogo sana. Sasa tukawa na majibu mawili na mbuyu mmoja.

Ugomvi uliofuata ndio somo. Wapo waliosema kamba ililegea. Wapo waliosema fito zilikuwa zimeinama. Mmoja akanituhumu kwa adabu kwamba huenda nimekosea kugawanya, wakarudia hesabu yangu, wote, bila kutumwa, jambo ambalo sijawahi kulipata kwa zoezi la kitabu. Mwishowe msichana aliyekuwa amekaa kimya muda wote akauzunguka mti polepole, akarudi. “Mwalimu, mbuyu si duara. Huku umetanuka, na huku umebonyea. Hesabu yako ni ya duara.”

Siku ile walijua pai ni nini kuliko nilivyowahi kuifundisha, kwa sababu walijua ni wapi haifanyi kazi.

Gharama yake nisiifiche. Kipindi cha dakika 40 kilimeza na kilichofuata, mwalimu wa Maarifa ya Jamii akaninunia, na azimio la kazi likachelewa siku mbili. Zaidi ya hapo, madaftari yalirudi nyumbani na mstari mmoja tu wa maandishi, na baba wa mtoto mmoja akafika kuuliza kama siku hizi walimu hatufundishi. Kwa mzazi, kurasa zilizoandikwa ndizo risiti. Nikamwomba amuulize mwanawe unene wa mbuyu. Sijui kama alimuuliza.

Na darasa la watu 84?

Hapa wenzangu husimama na kusema, mwalimu, hayo ni ya darasa la watoto ishirini. Kiwango kinachotajwa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 watoto wamejaa, jambo la heri, lakini vyumba na walimu havikujaa kwa kasi hiyo. Siwezi kuwapeleka 84 mbuyuni kila siku, nami sijaribu.

Darasa kubwa linahitaji mbinu ndogo. Natoa swali lenye majibu manne ubaoni, kila mtoto anafikiri peke yake, kisha wote kwa pamoja wanaweka vidole kifuani: kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili. Kifuani, si juu, ili jirani asinakili. Kwa kupepesa macho mara moja naona darasa zima liko wapi, badala ya kusikia wale sita wanaonyoosha mkono kila siku. Wakigawanyika, kila mmoja anamgeukia wa dawati lake amshawishi, halafu tunapiga vidole tena. Haihitaji kadi wala rangi. Inachohitaji ni majibu ya uongo yaliyotungwa vizuri, yaani yale ambayo mtoto mwenye akili angeyakosea kwa sababu. Kuyatunga ndiko kunanikesha.

Wanapogeukiana nawaacha waongee Kigogo wakitaka. Wapo wenzangu wasiolipenda hili. Lakini mtoto anayeamkia “mbukwenyi” nyumbani kila asubuhi anaweza kuwa na wazo kamili lililokosa Kiswahili chake tu, na akilisema kwanza kwa jirani, atalitafutia Kiswahili akisimama mbele. Akifika sekondari atalikuta tatizo hilo hilo kwa Kiingereza, na huko ukimya wake utaitwa uvivu.

Mtihani wa darasa la saba nao upo, Septemba haikosi. Siudharau; ndio mlango wa mtoto kutoka hapa. Agosti tunakariri kama wengine, tunafanya mitihani iliyopita mpaka chaki iishe. Ninachokataa ni kuifanya Januari iwe Agosti.

Mwalimu wa BTP alirudia somo la sehemu wiki iliyofuata. Alipita kwa mama ntilie wa kituoni akanunua chapati mbili, moja akaikata vipande vitatu, ya pili vinne, akauliza kila mtoto angependa kukaa meza ipi. Katikati ya somo likamtoka, “Mmeelewa?” na darasa likaitikia kwa sauti ya kuezua bati. Akajishika mdomo. Kisha akasema, “Vidole vifuani.” Akahesabu dawati kwa dawati, midomo ikichezacheza.

Jioni alinionyesha daftari. Ile sentensi ya kwanza alikuwa ameifuta. Chini yake ameandika: “Wanafunzi 23 bado wanaona robo ni kubwa kuliko theluthi. Kesho nitaanza nao.”

“Mwalimu,” akaniuliza, “hii wataikubali kuwa ni falsafa?”

Nikamwambia kurasa mbili bado hazijatimia.